Kashata za Fundi Sadala

Kama umekaa hapo unasubiri hadithi ya kukusinzisha, nenda kwingine. Haya ninayosema yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, siku ya Ijumaa, juu ya ghorofa la gesti moja hapa Kariakoo. Sikuwa na homa, sikuwa na usingizi, na pombe sijawahi kuionja tangu nizaliwe. Na ukisikia sauti yangu inapanda, nivumilie. Hasira yenyewe haijaisha mpaka leo.

Mimi ni fundi bomba. Ndiyo, mwanamke, usinitolee macho. Kazi nilijifunza kwa Fundi Sadala, na kama uliwahi kukaa mjini hapa ukapata shida ya maji, huenda aliwahi kuingia chooni kwako. Kuanzia Kariakoo mpaka Kivukoni walikuwa wanamwita yeye. Nilimbebea begi la vifaa miaka minne. Mwaka wa kwanza wote nilikuwa nazibua vyoo vya watu, na yeye amesimama mlangoni kaziba pua ananiambia, "Ingiza mkono, binti, choo haking'ati." Nikavumilia. Nikajua kukata bomba, kuchana ukuta, kuchomelea viungio, kunusa uvujaji uliojificha nyuma ya malumalu. Sitaki kumdhulumu marehemu. Vitu vingi alinifundisha.

Isipokuwa hita.

Sijui kama unajua tabia ya mafundi wetu wa mtaani. Kila fundi ana kitu kimoja anachomficha mwanafunzi wake. Atakupa kila kitu, lakini kile kimoja hakupi, maana akikupa utakuwa sawa na yeye, na ukiwa sawa na yeye utamkimbia. Fundi Sadala alificha hita ya maji ya moto. Tangi tunalipandisha wote, mabomba nafunga mimi, lakini ikifika ile dakika ya kufunga valvu ndogo pale maji ya baridi yanapoingilia, anasimama, anajifuta jasho, anasema bila kunitazama:

"Wee, hebu kaninunulie kashata."

Na siyo kashata yoyote. Anataka za nazi, za yule mama wa kona ya Mtaa wa Sikukuu, hapa Kariakoo. Tuko Posta, ananituma Sikukuu! Jua linawaka, natembea, nasukumana na wabeba mizigo, narudi na vipande viwili kwenye karatasi, nakuta hita imeshafungwa, imeshafunikwa, na mzee mzima ananawa mikono. Anakula kashata zake taratibu. Mimi nimebaki nimetazama ukuta kama mjinga.

Utaniuliza, kwa nini usikatae? Aa wapi. Ukifukuzwa na fundi mkubwa Kariakoo, jina lako linafika dukani kabla wewe hujafika. Nani atakuchukua? Halafu kulikuwa na fomu. Ule mtihani wa kuwapima mafundi wa mtaani, wanaokwenda kufanya kwenye chuo cha ufundi ili wapate cheti, fomu yake lazima fundi wako asaini. Bila cheti, kwenye majengo makubwa mlinzi anakurudisha getini. Utazibua vyoo mpaka uzeeke.

Mara ya kwanza alisaini. Nikaenda. Nikakata, nikaunga, nikapima, mkaguzi anatikisa kichwa anafurahi. Tukafika kwenye hita. Akagusa ile valvu, akaniuliza, "Hii inafanya kazi gani? Na hiki kitundu cha pembeni ni cha nini?"

Nikasema sijui. Vijana waliotoka shule juzi walikuwa nyuma yangu wanacheka. Yule mkaguzi akaniangalia kwa huruma, akasema, "Miaka mitatu kwa fundi, dada, na hiki hukijui?" Nikaanguka mtihani kwa kitundu kimoja kinachoweza kuzibwa kwa njiti ya kiberiti. Nililia mle chooni mwa chuo, nawaambia ukweli, na nilipomaliza kulia nikagundua koki yao inavuja nikaitengeneza.

Sasa sikiliza. Mwaka uliofuata Fundi akasaini tena, nikapangiwa siku ya Jumatatu. Nilishajiapia kwamba nikianguka tena narudi kwetu nikalime. Na Ijumaa kabla ya hiyo Jumatatu tulikuwa na kazi ya hita, kwenye hiyo gesti. Alhamisi nilimpigia magoti, kweli kabisa, nikamwambia, "Fundi, nakuomba, kesho niache nione." Akacheka. "Utaona, binti. Mbona una haraka?"

Ijumaa tukapanda ngazi mpaka juu kabisa, kwenye slabu, paa la zege, ambako kuna kibanda cha bati chenye hita kubwa ya vyumba vyote. Tukafunga tangi. Nikamaliza mabomba yangu. Nikakaa karibu kabisa, magoti yangu yanagusa ukuta, macho nimeyatoa. Fundi Sadala akaitoa valvu kwenye boksi. Akasimama. Akajifuta jasho.

"Wee, hebu kaninunulie kashata."

Nilimtazama mpaka akageuza uso. Kisha nikaenda. Ndiyo, nilikwenda! Miguu ilishazoea. Nikashuka ngazi zote zile kwa hasira, nikafika kwa yule mama, nikachukua kashata, nikapanda tena. Adhana ilishapita, maduka ya chini yamefungwa, wenyewe wako msikitini, na mtaa ule wenye kelele za kupasua kichwa ulikuwa kimya kabisa. Kule juu Fundi Sadala hayupo, kaenda kuswali. Hita imeshafungwa, na taa nyekundu ya umeme inawaka.

Mbele ya hita alikuwa amechuchumaa mzee.

Nikamwamkia. "Shikamoo, mzee." Akajibu, "Marahaba," bila kugeuka. Amevaa kaki zilizopauka, mfukoni kachomeka kishungi cha katani, ile ya kuzungushia nyuzi za bomba ambayo siku hizi hakuna anayeitumia, wote tumehamia tepu. Kidole chake cha shahada kimekatika ncha. Na mikono yake imelowa. Siyo jasho, maji yanadondoka kwenye saruji, tone, tone, na jua lile la saa saba halikaushi. Mimi nikadhani ni fundi wa zamani wa gesti, kaja kuchungulia kazi ya wenzake. Wazee wana tabia hiyo.

"Huyu kaziba tena," akasema.

"Kaziba nini, mzee?"

Akanionyesha. Kwenye kile kitundu cha pembeni ya valvu, kile kitundu changu kilichoniangusha, Fundi Sadala alikuwa amekaza kizibo cha chuma. Mzee akaniuliza, "Wewe ndiye mwanafunzi wake?" Nikamwambia ndiye mimi. Akaniangalia kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu ambaye hajalala siku nyingi. Akaniambia nizime umeme kwanza, nikazima. Akachukua spana kwenye begi letu, akaiweka kwenye kizibo, na mimi nikasogea. Nikasema leo naona, haki ya Mungu leo naona.

Akasimamisha mkono. Akajifuta jasho ambalo halikuwepo. Akasema bila kunitazama:

"Hebu kaninunulie kashata."

Jamani! Unaweza kuamini? Kwa sauti ile ile, na kunikwepa kule kule! Nikafungua karatasi nikamwekea chini ya pua. "Hizi hapa."

Akaziangalia kashata muda mrefu. Niamini nikikwambia mzee alibabaika. Mwishowe akasema, "Basi kaniletee kahawa."

Hapo ndipo niliporipuka. Nilisema, "Siendi! Siendi kahawa, siendi kashata, siendi popote! Miaka minne natumwa kama mbwa! Mnaficha nini? Mkifa mnazikwa nacho? Mwenzako kaniangusha mtihani kwa ajili ya tundu, na wewe hata sikujui, umetoka huko ulikotoka, unanituma! Nipige ukitaka. Nafasi yangu ni hapa, na macho yangu ni yangu!"

Sikuwahi kumjibu mtu mzima hivyo maishani. Mzee hakukasirika. Akainamisha kichwa, maji yanadondoka vidoleni, akasema polepole, "Wangu alikwenda. Kila nilipomtuma alikwenda. Tena alikuwa anakimbia."

Halafu akasema, "Sogea."

Akanishika mkono akauweka kwenye spana. Mkono wake ulikuwa wa baridi, baridi ya bomba lililofukuliwa ardhini. Tukafungua kizibo pamoja. Maji ya moto yakaruka kwa nguvu, fuu, na mvuke, mpaka nikarudi nyuma. Yakapungua. Yakabaki matone.

"Maji yakipata moto yanavimba," akasema. "Yakivimba yanataka pa kutokea. Hapa ndipo mlango wake. Mteja akiona matone atalalamika kwamba inavuja. Haivuji. Inapumua. Ukiziba hapa, siku kidhibiti cha joto kikiharibika, tangi litapasuka na mtu atakayekuwa mbele yake. Fungia mpira mwembamba, upeleke kwenye mfereji, yaache yadondoke. Na usiweke koki kati ya valvu na tangi, hata wakikulipia. Sema wewe."

Nikasema. Akanifanya nirudie. Akanifanya nifungue valvu yote nifunge upya kwa mikono yangu. Ilikuwa kazi ya robo saa. Robo saa! Miaka minne yangu yote iliyopotea ilikuwa ni robo saa.

Nikainama kuokota kisu ili nikate kipande cha mpira, nikiwa namuuliza jina lake. Nilipoinua kichwa, hakuna mtu. Kile kibanda kina mlango mmoja. Slabu ina ngazi moja, na kwenye ngazi hiyo nikasikia miguu ya Fundi Sadala inapanda, anahema. Kashata hazikuwepo tena kwenye karatasi. Saruji ilikuwa kavu kabisa.

Fundi Sadala akaona kizibo kiganjani mwangu. "Nani kakwambia uguse? Nani?" Akanyanyua mkono kama anayetaka kunizaba kofi. Nikamwambia ni mzee mmoja. Mzee gani? Nikamweleza, zile kaki, katani mfukoni, mikono iliyolowa, kidole cha shahada hakina ncha.

Mkono wake ukashuka. Akakaa juu ya begi la vifaa, akakaa vibaya, nusu aanguke.

"Huyo ni Mzee Nandonde," akasema. "Ndiye fundi wangu. Nilimzika mimi mwenyewe, nikiwa kijana bado."

Akanisimulia akiwa ametazama chini. Siku mzee alipofariki pia ilikuwa Ijumaa, walikuwa wanafunga hita, na mzee akamtuma kashata kama kawaida yake. Sadala akakimbia, akarudi akikimbia, akamkuta kalala chali mbele ya hita, moyo umesimama, mikono yake imelowa. Baada ya mazishi mwenye nyumba alitaka kazi yake imalizwe. Sadala akaimaliza kwa kubahatisha. Ikadondosha matone, mwenye nyumba akagomba. "Nikaziba," akasema. "Ikakauka, akafurahi. Tangu hapo naziba."

Nikawa bado sijaelewa vizuri. Nilikuwa naogopa, natazama mlango. Ndipo Fundi Sadala, mtu mwenye mvi, mtu anayeitwa na nusu ya mji, akainua uso akaniuliza kwa sauti ya chini kama ya mtoto anayeomba:

"Amekwambia kile kitundu ni cha nini?"

Umeelewa? Hakujua! Miaka yote hiyo hakuwa ananificha ujuzi. Alikuwa ananificha kwamba hana! Nimetembezwa juani, nimeanguka mtihani, nimechekwa, ili nisione kwamba bosi wangu anaziba tundu asilolijua, juu ya vichwa vya watu wanaooga. Woga wote ulinitoka. Nilijaa hasira mpaka masikio yakawa yanawaka. Na nikafanya jambo ambalo, ningepewa nafasi ya kufuta moja tu maishani, ningelifuta hilo.

Nikajifuta jasho. Nikatazama pembeni. Nikasema, "Hebu kaninunulie kashata, kwanza. Ukirudi nitakwambia."

Na akaenda. Akainuka, akasema, "Sawa, fundi," na akashuka ngazi. Hakuwahi kuniita fundi kabla ya hapo. Nilisimama ukingoni mwa slabu nikamwona ametokea chini, kibarakashia chake cheupe kinavuka barabara, anaharakisha, mtu wa umri ule. Nikafunga mpira wangu, nikabeba vifaa vyangu, nikaondoka. Aliporudi na kashata zake hakunikuta.

Jumatatu nilifaulu. Mkaguzi alipouliza habari za kitundu nilimjibu mpaka akaacha kuandika. Cheti kikatoka, kazi kwenye majengo makubwa zikaja. Fundi Sadala alinipigia simu wiki nzima, sikupokea. Akatuma ujumbe: "Binti yangu nionyeshe tu siku moja." Nikausoma, nikaufuta. Nikasema moyoni, ngoja na yeye aonje kutazama ukuta.

Haikupita miezi mingi. Kwenye nyumba moja upande wa Msimbazi, hita aliyoifunga yeye ilianza kuunguruma, wakamwita. Akaenda akasimama mbele yake kuitazama. Ilipasuka akiwa amesimama hapo hapo. Maji yalimuunguza kifua na uso, siku ya tatu akafariki. Nilikwenda msibani, nikakaa na wanawake jamvini, na mkewe akanishika mikono akaniambia, "Alikuwa anakutaja mpaka mwisho, anasema binti yake anajua."

Hasira hiyo unamwelekezea nani? Mzee Nandonde? Sadala? Imebaki yote kwangu, naibeba mimi.

Mpaka leo nazitafuta hita zake mji mzima, maana nyingi nilimsaidia kupandisha na nakumbuka ziliko. Nagonga mlango, naomba, wengine wananifukuza, nawarudia. Nang'oa kizibo, nafunga mpira. Ya kwanza kabisa ilikuwa Mtaa wa Mchikichi, Ijumaa mchana, mtaa kimya. Nimemaliza, nakusanya vifaa, nikasikia mtu anapanda ngazi mbio, anahema. Akasimama mlangoni. Kibarakashia cheupe, uso siwezi kuueleza na usiniulize. Mkononi ana karatasi ameikunja.

"Nimerudi, fundi," akasema. "Umeshamaliza?"

Nilimweleza palepale, nalia, napiga kelele: maji yakipata moto yanavimba, Fundi, yanataka pa kutokea, Fundi! Alikuwa amenyoosha mkono tu, ananipa kashata. Kisha mlango ukawa mtupu. Na kila hita yake ninayoifungua inakuwa hivyo, anafika nikishafunga, hajawahi kuwahi hata mara moja. Ninakuta vipande viwili vya nazi vimewekwa juu ya tangi. Naviacha. Nikipita baada ya mwezi vipo, na kwa joto hili la Dar na sisimizi wa hapa, hakuna hata sisimizi mmoja aliyevigusa.

Mimi sasa nina wanafunzi watatu. Tukifika kwenye valvu naita wote kwa majina, nafunga mlango, hakuna kutoka hata kwa haja ndogo. Wananiona nina wazimu kidogo.

Na wewe fundi unayenisikiliza, wa bomba, wa umeme, wa cherehani, sijali wa nini. Najua una kile kitu chako kimoja. Najua hata sasa hivi umemtuma mtu, soda, vocha, kashata, ili amalize njia wakati wewe unamaliza kazi. Inuka hapo ulipokaa, toka nje, umwite kwa nguvu zako zote. Hajafika konani bado.